Magongo ya Jumamosi Alasiri

Katika nchi yetu neno "mpira" likitajwa bila nyongeza, kila mtu hujua kuwa ni kandanda linalosemwa. Na neno "gongo" likitajwa bila nyongeza, wengi hufikiri chupa, na wengine hutazama huku na huku wasije wakasikiwa na polisi. Basi mchezo uitwao mpira wa magongo umepata bahati mbaya mara mbili: nusu ya jina lake imetwaliwa na wacheza kandanda, na nusu ya pili imetwaliwa na wapika pombe haramu. Sisi leo twapenda kuurudishia jina lake, kwa kuwa ni mchezo wa watu wa kazi. Huchezwa Jumamosi na Jumapili na watu wasiolipwa hata senti moja, ambao Jumatatu asubuhi sharti waonekane mezani, karakana au lindoni kama wenzao waliokuwa wamelala.

Ndugu msomaji ambaye hujapata kuuona, usidhani kuwa ni vurugu za watu wenye fimbo. Ni mchezo wenye sheria kali kuliko kandanda. Kila upande una watu kumi na mmoja. Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Goli lina upana wa mita 3.66, yaani nusu barabara ya goli la kandanda, na bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na gongo la mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli hilo. Mtu akipiga kutoka mbali ukaingia wavuni bila ya kuguswa tena, amejichosha bure. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe, uzito wake kati ya gramu 156 na 163. Gongo lina uso mmoja bapa na mgongo wa mviringo, na sheria yasema mpira upigwe kwa upande bapa tu. Tena magongo yote yanayoruhusiwa hutengenezwa kwa mtindo mmoja, wa mkono wa kulia. Mwenye shoto hana lake, hana budi kujifunza upya kama mtoto. Mguu haufai kugusa mpira, isipokuwa mguu wa mlinda goli. Zamani mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 35. Siku hizi ni robo nne za dakika 15.

Lakini ili kuujua moyo wa mchezo huu, mtazame mtu anayelinda kona ya adhabu. Walinzi watano tu, pamoja na mlinda goli, huachwa nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote hupelekwa mpaka katikati ya uwanja. Mpira hutolewa kutoka mstari wa goli, husimamishwa nje ya nusu duara, kisha hupigwa kwa nguvu zote kuelekea walipo wale watano. Nao kazi yao si kuukimbia. Kazi yao ni kuuendea mbio, gongo chini, kabla haujapigwa, na wakichelewa, mpira huwafika kwanza. Tumewaona makarani wapole sana, watu ambao ofisini hawapandishi sauti, wakilikimbilia jiwe hilo bila ya kupepesa jicho. Jumatatu huja kazini wakichechemea, na mwenye kuuliza huonyeshwa muundi uliovimba kwa fahari kubwa kuliko ya mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa tuseme ni Jumamosi, na klabu moja ya mtaani, yenye timu ya wanaume na timu ya wanawake, ina mechi saa kumi alasiri. Nahodha huianza mechi hiyo tangu saa moja asubuhi, kwa simu. Askari magereza wa timu yake amebadilishiwa zamu jana usiku. Fundi umeme ameitwa kazini kwa dharura. Muuguzi ametoka wodini alfajiri. Asema atalala mpaka saa saba kisha atakuja, na wote wajua kuwa atakuja akiwa na macho mekundu. Mwanafunzi wa chuo yuko tayari, ila hana nauli. Hapo nahodha, ambaye naye mshahara wake haujafika, hutoa mfukoni. Kisha kuna vazi la mlinda goli: kofia ya chuma, kinga ya kifua, kinga nene za miguu na viatu vyake vya kupigia mpira. Vazi hilo ni ghali kuliko vifaa vya wachezaji wanne wa ndani, na klabu nyingi changa zina moja tu. Basi wanawake wakicheza kwanza, mlinda goli wao hulivua limejaa jasho, na mwanamume anayefuata hulivaa hivyo hivyo likiwa la moto. Hakuna anayelalamika. Mwamuzi naye mara nyingi ni mchezaji wa mechi iliyotangulia, aliyebadilisha shati na kuazima filimbi.

Huo ndio mchezo wa mwisho wa juma. Twauliza: mchezo wa namna hii husimama kwa nguvu ya nani? Jibu halipatikani pasipo kutazama ulikotoka.

Sheria za mpira wa magongo kama zilivyo sasa ziliandikwa Uingereza katika karne ya 19. Askari wa Kiingereza waliupeleka India, na India ikaufanya wake hata mwalimu akapitwa na mwanafunzi: kutoka mwaka 1928 hadi 1956 India ilitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo. Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo ulifuata watu wa kazi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwa Victoria mwaka 1901, na vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wengine walibaki, na nyuma yao wakaja mafundi wa Kisingasinga na makarani wa Kigoa, walioshika karakana za reli, madawati ya forodha, benki na posta. Jumamosi ofisi zilifungwa mchana. Saa kumi jua likilegea, mafundi na makarani hao walitoa magongo yao ya mti wa mforosadi, yaliyochongwa Jalandhar na Sialkot, wakaenda uwanjani.

Hatutaki kuyapaka asali mambo ya siku zile. Desturi ya enzi ya ukoloni ilikuwa kila watu na klabu yao. Hapa Dar es Salaam Wazungu walikuwa na Gymkhana, na Wagoa walikuwa na Goan Institute yao. Nairobi kulikuwa na Goan Institute nyingine na Sikh Union, na reli ilikuwa na wake. Mwafrika mara nyingi aliingia katika viwanja hivyo akiwa na panga la kukatia majani, si na gongo. Mchezo ulikuwa wa wafanyakazi, ndiyo, lakini wa wafanyakazi waliotengwa kwa rangi kama mabehewa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu.

Hata hivyo, ndani ya utengano huo ulikua mchezo wa ajabu. Kenya ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne mwaka 1956, timu ya magongo ilikuwamo. Tokyo mwaka 1964 ilimaliza ya sita. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona, Kenya ilikuwa ya nne, nyuma ya Pakistani, Hispania na India. Msomaji na asome tena sentensi hiyo. Nchi ambayo wachezaji wake walikuwa watu wa ofisini na karakana, waliojizoeza baada ya kazi na kushindana mwisho wa juma, ilikuwa ya nne ulimwenguni. Nahodha wao Avtar Singh Sohal aliiongoza Kenya katika Olimpiki tatu, 1964, 1968 na 1972. Hilary Fernandes alicheza Olimpiki tatu, kuanzia Roma mwaka 1960. Watu hawa hawakutengenezwa na kambi za miezi sita wala na makocha wa kununuliwa. Walitengenezwa na mashindano makali ya Jumamosi baina ya mtaa na mtaa, baina ya Wagoa na Masingasinga, ambapo kushindwa kulikuwa aibu ya juma zima.

Kilichofuata twakijua. Kenya baada ya sheria zake za uhamiaji na biashara za mwaka 1967, Waasia wengi walihama. Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika siku 90, na tarehe 26 ya mwezi huo huo Olimpiki ya Munich ilifunguliwa, ambako timu ya magongo ya Uganda, yenye vijana wa Kiasia ndani yake, ilivaa jezi ya nchi iliyokwisha kuwahesabia jamaa zao siku. Kwetu hakukuwa na ukatili huo. Lakini sheria ya kutaifisha majumba ya mwaka 1971 iliwafanya wengi wafunge masanduku. Shabaha ya sheria hiyo haikuwa kugusa magongo. Walakini waliohama walikuwa ndio wenye magongo, ndio makocha, ndio waamuzi, na ndio waliojua kuchora nusu duara.

Mchezo ungeweza kufa hapo. Haukufa, na kwa hilo twapaswa kuwashukuru watu wa aina mbili: wale Waasia waliobaki na kufungua milango ya klabu zao, na vikosi vya ulinzi na magereza, ambavyo viliupokea mchezo huu na kuwapa vijana wao muda wa kujifunza. Ushahidi wa mchanganyiko huo ni orodha ya majina ya timu yetu ya taifa iliyokwenda Moscow mwaka 1980: Leopold Gracias, Jasbir Virdee, Taherali Hassanali, Abraham Sykes, Rajabu Rajab, Patrick Toto. Mtu akiisoma orodha hiyo kwa sauti ni kama anatembea kutoka Upanga kupita Kariakoo mpaka Ilala.

Habari ya Moscow yafaa ielezwe kwa ukamilifu, maana vijana wetu wa leo hawaijui, na wanaoijua huitaja kwa kucheka. Nchi nyingi ziliisusia Olimpiki ile kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979. Timu za magongo zilizokuwa zimejipatia nafasi zilijitoa, na nafasi zikabaki tupu. Tanzania, pamoja na Kuba na Poland, ikaitwa kuzijaza. Vijana wetu wakaondoka. Walizoea viwanja vya majani na vya udongo mgumu. Walifika wakakuta nyasi bandia, zulia ambalo juu yake mpira huteleza kwa kasi isiyo na huruma, hauruki wala haupungui mwendo. Mechi yao na India iliisha 18 kwa 0. Walishindwa mechi zote, wakamaliza wa sita kati ya timu sita. Mwaka ule ule na mji ule ule, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha katika riadha, na kwa haki taifa liliwasherehekea hao. Wacheza magongo walirudi kimya.

Sisi hatuoni sababu ya kucheka. India iliyowafunga 18 ndiyo iliyotwaa dhahabu. Na tena vijana wetu, baada ya kufungwa 18, waliamka, wakavaa, wakaingia uwanjani tena kukutana na timu nyingine, na katika siku zilizofuata walipata mabao yao wenyewe. Aliyepata kusimama nyuma ya mstari wa goli akiwa mmoja wa watano atajua kilichohitajiwa.

Wako wasemao kwamba zulia ndilo lililotuua. Neno hilo lina ukweli mkubwa, nalo halikuwahusu Watanzania peke yao. Olimpiki ya kwanza kuchezewa magongo juu ya nyasi bandia ilikuwa ya Montreal mwaka 1976, ile ambayo nchi za Afrika, na sisi tukiwa mbele, tuliisusia kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Kenya, iliyokuwa na nafasi katika magongo, ilirudi nyumbani pamoja na wengine. Huko Montreal India, mabingwa wa majani, walimaliza wa saba, na dhahabu ikatwaliwa na hao hao New Zealand. Tangu hapo mchezo wa kimataifa umechezwa juu ya zulia, na zulia hilo kwa miaka mingi limetakiwa kumwagiwa maji mengi kabla ya mechi ili mpira uteleze. Hebu fikiria uwanja unaonyweshwa maelfu ya lita za maji safi katika mtaa ambao akina mama wanapanga ndoo foleni! Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 lilitandikwa zulia lililobuniwa lisihitaji maji mengi. Kenya iliweka nyasi bandia City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na ndipo mchezo wa juu wa nchi nzima ulipokusanyika katika uwanja mmoja. Mwaka 1988 timu yao ya wanaume ilicheza Olimpiki ya Seoul, na mpaka leo haijarudi tena.

Hata hivyo zulia si kisingizio cha kila jambo. Pale pale Moscow mwaka 1980 mashindano ya magongo ya wanawake yalifanyika kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, na nafasi tupu zikajazwa kwa haraka vile vile. Zimbabwe, taifa lililokuwa na umri wa miezi mitatu tu, liliitwa wiki chache kabla. Wakaokotwa wanawake wa klabu za mwisho wa juma, wenye kazi zao za kila siku, ambao nao hawakuzoea zulia. Wakatwaa medali ya dhahabu. Tofauti ilikuwa wapi? Wanawake hao wote walikuwa Wazungu, na walitoka katika shule za Wazungu ambamo kila msichana alishikishwa gongo tangu utotoni, juu ya majani yaliyokatwa vizuri, chini ya mwalimu aliyeujua mchezo. Hawakuwa na zulia. Walikuwa na shule. Waliobaki nje ya shule hizo, ambao ndio walio wengi Zimbabwe, hawakuwa na mtu hata mmoja katika timu ile. Ushindi ule na dhuluma ile vilitoka shimo moja, nasi twavitaja pamoja kwa makusudi.

Kutokana na hayo sisi twaona kwamba klabu ya mwisho wa juma husimama juu ya nguzo mbili, nazo ni shule na mahali pa kazi. Zulia ni dari. Wakuu wa michezo wakikutana huzungumza juu ya dari. Hutafuta mfadhili wa kuweka nyasi bandia, hupiga picha na wageni, na miaka hupita. Nguzo nazo zinaliwa na mchwa.

Tazama nguzo ya kazi. Nairobi timu ya wanawake ya shirika la simu, Telkom, ilikuwa mfalme wa klabu za Afrika, ikitwaa kombe la bara mara nyingi hata majirani wakachoka kuhesabu. Siri yake haikuwa uchawi. Ilikuwa na shirika lililokuwa nyuma ya wachezaji wake. Udhamini huo ulipokoma, wachezaji hawakutawanyika. Walijikusanya wakaendelea kwa jina la Blazers. Twawavulia kofia. Lakini yafaa tujiulize ni klabu ngapi zenye moyo huo, na moyo peke yake hulipa nauli mpaka lini.

Na hapa kwetu? Kila mwaka wafanyakazi wa wizara na mashirika hukutana katika michezo ya SHIMIWI na SHIMMUTA. Hushindana kandanda, netiboli, kuvuta kamba, vishale, bao, hata karata. Hatuna ugomvi na karata. Tumewajua mabingwa wake, nao hutokwa jasho kama wengine. Lakini mchezo ambao msingi wake ulijengwa na makarani na mafundi wa reli ukikosa mlango katika sikukuu ya makarani na mafundi, hapo kuna jambo limekaa upande. Twapenda kuona magongo yakikaribishwa huko, hata kwa timu za watu sita au saba mwanzoni, juu ya uwanja nusu. Mwajiri naye aombwe jambo dogo: mfanyakazi mwenye mechi Jumamosi asipangiwe zamu ya Jumamosi ile ile ikiwa yuko mwenzake awezaye kubadilishana naye. Jambo hilo halihitaji fungu la bajeti. Lahitaji msimamizi mmoja mwenye kalamu na utu.

Nguzo ya shule ni ngumu zaidi, kwa sababu gongo la kiwandani ni ghali. Magongo ya siku hizi hayachongwi kwa mti peke yake. Hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na moja zuri laweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi wa karani mdogo. Lakini mtoto wa miaka kumi hahitaji kaboni. Tawi la mpera lililopinda, likakatwa na kulainishwa vizuri, lamfundisha kuinama, kuutazama mpira, na kutumia upande mmoja tu wa gongo. Ethiopia wana mchezo wao wa kale wa namna hii, uitwao genna, unaochezwa wakati wa Noeli yao, na fimbo zake hukatwa porini. Mforosadi wenyewe, mti uliowapa India na Pakistani magongo yao, huota vizuri hapa kwetu. Watoto wetu hupanda juu yake kuchuma matunda na kurudi na midomo myeusi. Seremala mmoja wa chuo cha ufundi akipewa gongo moja la mfano aweza kuwachongea watoto wa shule nzima. Hayatafaa kwa Olimpiki. Yatafaa kwa darasa la nne, na darasa la nne ndilo alikoanzia kila mtu.

Limebaki suala la viwanja, na hapa hatuna budi kusema na wenyewe kwa wenyewe. Kila mtu mjini aona jinsi maeneo ya wazi yanavyopungua: leo nguzo za zege, kesho ukuta, keshokutwa baa. Kandanda huweza kujibana hata uchochoroni. Magongo hayawezi, maana mpira mgumu ukipigwa mahali penye watu ni hatari. Mchezo huu ndio wa kwanza kufukuzwa uwanja ukiwa mdogo. Nao hauwezi kuchezwa penye mashimo, kwa kuwa mpira huruka usoni. Wahitaji ardhi tambarare, iliyo ngumu, au majani yaliyokatwa chini kabisa.

Ardhi ya namna hiyo ipo. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani, kama Kirumba cha Mwanza na Sokoine cha Mbeya, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Vilijengwa kwa jasho na michango ya wananchi, na siku nyingi za juma hukaa vimefungwa kufuli vikingojea mechi ya ligi au mkutano. Twajua majibu yatakayotolewa: kwamba majani yataharibika, kwamba mlinzi atalipwa na nani, kwamba watu wa magongo ni wachache. La kwanza si kweli, kwa sababu njumu za kandanda huchimba majani kuliko viatu vya magongo. La pili ni la haki, na klabu ziko tayari kuchangia mlinzi. La tatu ndilo linalotuchoma. Walikuwa wachache pia wale waliokaa nyuma ya mstari wa goli huko Moscow.

Hatuombi vipewe magongo alasiri, wakati wa kandanda. Twaomba Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Saa mbili zatosha kwa mechi moja ya robo nne pamoja na mapumziko yake. Klabu zitakuja na magoli yao ya mbao, zitayaondoa zenyewe, na chokaa ya kuchorea nusu duara watanunua kwa ada zao.